Nzi, mbawakawa na kereng'ende wa karne ya 16: picha ilipotelea wapi kati ya mkono wa mchoraji na mashine ya chapa?

#1 KalamuYaRisasi

Wakuu salaam. Wale wa picha, wa historia na wa wadudu, sogezeni viti.

Kilichonileta hapa ni hasira. Juzijuzi nilichora bango la viwavijeshi vamizi kwa ajili ya wakulima wa mahindi, kazi ya wiki tatu. Kiwavi huyu ana alama mbili za kumtambua: usoni ana Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia ana vidoti vinne vilivyokaa kama pembe za mraba. Nilivichora kwa kalamu nyembamba, kimoja kimoja, huku nimebana pumzi. Bango liliporudi kutoka kwa mchapaji, Y haipo, imezama kwenye weusi. Vidoti vinne vimeungana vikawa doa moja. Sasa tumebandika kwenye maghala picha ya kiwavi ambaye anaweza kuwa kiwavi yeyote.

Nikiwa nimenuna hivyo, nikaanza kusoma habari za watu waliochora wadudu Ulaya kuanzia miaka ya 1500. Nikakuta kilio changu kina umri wa miaka 400 na ushee. Nitashusha kipande kwa kipande, mniulize mnapokwama.

#2 Ngosha_Mtata

Mkuu, vijana wanatafuta ajira wewe unatuletea nzi wa mwaka 1500. Haya tiririka, nimekaa.

#3 KalamuYaRisasi

Ngosha, nzi ndiye aliyetangulia hasa, kwa hiyo tuanze naye.

Kabla ya mtu yeyote kufikiria kitabu cha wadudu, wachoraji walikuwa na utani wao. Ukichora nzi juu ya picha, na nzi huyo akawa na kivuli, mtazamaji atanyoosha mkono kumfukuza. Giorgio Vasari, aliyeandika maisha ya wachoraji wa Italia, anasimulia kwamba Giotto alipokuwa mwanafunzi alimchorea mwalimu wake Cimabue nzi puani pa sura aliyokuwa akiichora. Mzee aliporudi akampunga yule nzi mara kadhaa kabla ya kushtuka. Inawezekana ni hadithi tu, ila nzi wenyewe wapo. Petrus Christus wa Bruges alimweka mmoja kwenye ukingo wa picha ya mtawa mwaka 1446, na mpaka leo ukimwangalia unahisi ataruka.

Huko Ghent na Bruges, mwishoni mwa karne ya 15, vitabu vya sala vilijaa pembezoni maua yaliyokatwa, vipepeo, viwavi na kereng'ende, kila kimoja na kivuli chake juu ya rangi ya dhahabu, kana kwamba kimedondoka ukurasani sasa hivi. Hicho kivuli mkikumbuke, kitarudi.

Halafu mwaka 1505, Nürnberg huko Ujerumani, mchoraji Albrecht Dürer akafanya jambo ambalo leo tunaliona la kawaida. Alichukua karatasi ya takriban sentimita 14 kwa 11, akachora mbawakawa mmoja. Yule ambaye dume lake lina mataya marefu yenye matawi, kama pembe za wale paa wa misitu ya Ulaya. Hakuna mtakatifu, hakuna ua, hakuna sala pembeni. Ni mdudu, kivuli chake, basi. Kichwa amekiinua, miguu imeshika chini, unaona kabisa kwamba hatua inayofuata ataipiga kwa mguu upi.

Mwaka mmoja kabla, mdudu wa aina hiyohiyo alikuwa amemweka chini kabisa kwenye picha ya Mamajusi wakimsujudia mtoto Yesu. Pale alikuwa mpita njia. Hapa amepewa karatasi nzima.

Leo yuko kwenye jumba la makumbusho la Getty, Los Angeles. Na kuna jambo wengi hawalioni: kona ya juu kushoto ya karatasi ile si ya asili. Ilipotea, ikaunganishwa kipande kingine, na ncha ya kipapasio cha kushoto ikachorwa baadaye na mkono wa mtu mwingine. Nilipojua hilo nilikaa nusu saa natazama ncha ile tu.

#4 MwlBiolojia_Tanga

Kaka, hongera kwa uzi. Mimi nafundisha biolojia kidato cha tatu, na swali langu ni la darasani. Dürer alikuwa anajua anachora nini? Maana hata neno "insekta" tunalowapa watoto linatokana na Kilatini, kilichokatwa, na Kilatini nacho kilifuata Kigiriki cha Aristotle, ambaye aliwaita viumbe hawa waliokatwakatwa kwa sababu ya mwili wao wa pingili. Kwake yeye buibui, nge na jongoo walikuwa humohumo. Mtoto akiniandikia hivyo kwenye mtihani namkosesha.

#5 KalamuYaRisasi

Mwalimu, ungewakosesha wote wa karne ile. Buibui, tandu, minyoo, hata konokono wakati mwingine, wote waliingia kapu moja. Dürer hakuwa na haja ya kujua ukoo wa mdudu. Alihesabu miguu sita kwa sababu alimwona na miguu sita. Jicho lilitangulia, majina yakafuata miaka mingi baadaye.

Sasa tumfikie mtu wangu. Mniache hapa nikae kidogo.

Joris Hoefnagel, amezaliwa Antwerp mwaka 1542, mtoto wa tajiri wa vito na mazulia ya ukutani. Uchoraji haukuwa kazi ya kumlisha, biashara ndiyo ilikuwa inalisha. Novemba 1576 askari wa Hispania ambao hawakuwa wamelipwa mishahara waliingia Antwerp, wakaua, wakapora, wakachoma. Mali ya ukoo ikaenda. Mwaka uliofuata Hoefnagel akaondoka na rafiki yake Abraham Ortelius, yule wa ramani, wakielekea Italia. Njiani mtawala wa Bavaria akaona vijipicha alivyobeba, akampa kazi. Mwisho akaishia kumfanyia kazi Kaisari Rudolf II, ambaye alikuwa na uchu wa kukusanya kila kitu cha ajabu duniani.

Kazi yake kubwa ni majalada manne yanayofuata elementi nne za wahenga: moto, ardhi, maji, hewa. Wanyama wa miguu minne wako ardhini, samaki majini, ndege hewani. Wadudu je? Amewaweka kwenye MOTO.

#6 Ngosha_Mtata

Subiri. Nzi yuko motoni? Kafanya nini?

#7 KalamuYaRisasi

Wanazuoni bado wanavutana kuhusu sababu. Na jalada hilo la moto halianzi na mdudu, linaanza na binadamu: Petrus Gonsalus wa Tenerife, aliyeota nywele uso mzima, amekaa na mkewe. Baada ya hapo ndipo wanaingia mbawakawa, nondo, nyigu, panzi, buibui. Hoefnagel alikuwa anakusanya viumbe ambavyo elimu ya zamani haikujua iviweke wapi. Hiyo ni dhana yangu, msiibebe kama hadithi sahihi.

Tazameni ufundi sasa. Ngozi ya ndama iliyolainishwa, kila ukurasa kama sentimita 14 kwa 18, ndani yake duara la yai lililozungushiwa mstari wa dhahabu. Wadudu wamepangwa kwa nafasi, kila mmoja na kivuli chake. Kivuli kilekile cha vitabu vya sala! Hakuna ardhi wala meza, ila mdudu ametua. Vinyweleo vya nondo unavihesabu.

Na kuna ukurasa mmoja wa kereng'ende ambao mwili umechorwa, lakini mabawa si rangi. Ni mabawa yenyewe ya kereng'ende, yamebandikwa.

Kwanza nilidhani ni mbwembwe. Halafu nikakumbuka kereng'ende niliyemuweka mezani kwangu mwaka jana ili nimchore. Siku ya kwanza alikuwa bluu ya kung'aa. Siku ya tatu mwili umekuwa kahawia kama jani la chai lililokwisha kutumika, lakini mabawa yalikuwa vilevile, mishipa yote mahali pake, ukiinamisha yanatoa upinde wa mvua. Yeyote aliyewahi kumchora mdudu huyu anajua: mwili lazima uuwahi kwa rangi, kwa sababu rangi yake inakufa. Bawa halifi, lakini hakuna rangi inayoweza kuwa bawa. Kwa hiyo jamaa alichora kinachopotea, akabandika kisichochoreka.

Mpaka leo sijaona mtu aliyekiri kushindwa kwa ustadi namna hiyo.

#8 Sharifa_wa_Mji

Assalaam alaykum jamaa. Nawasoma hapa Mombasa kimyakimya, lakini hapo pa Hoefnagel na Ortelius nimeamka.

Hoefnagel huyo huyo ndiye aliyewachorea Braun na Hogenberg picha za miji ya Hispania na kwengine kwa ile atlasi yao ya miji ya dunia iliyoanza kutoka Cologne mwaka 1572. Basi katika jalada la kwanza la atlasi hiyo mna ukurasa mmoja wenye miji minne: Aden, Mombasa, Kilwa na Sofala. Si yeye aliyechora ukurasa huo, na waliochora nadhani hawakuja kwetu wakanywa hata kahawa, majumba yamekaa kama ya Ureno. Lakini fikiria, mtu wa kereng'ende na mji wangu wamo chini ya jalada moja.

Jengine. Msituambie kwamba kumtazama mdudu kulianzia Nürnberg. Al-Jahiz wa Basra, aliyefariki mwaka 869, ana kitabu kizima cha wanyama na humo kamwandika nzi na mbu kwa urefu ambao ungemchosha Ngosha. Al-Damiri wa Misri, karne ya 14, kawapanga wanyama kwa herufi, wadudu wamo. Na sisi kwenye Qur'ani tuna sura ya Nyuki na sura ya Chungu tangu utotoni.

#9 KalamuYaRisasi

Wa alaykum salaam dada Sharifa. Nimepigwa, nimekubali. Nilichokuwa nadai ni kuchora, si kutazama. Ila ukurasa wa Mombasa na Kilwa sikuujua ukoje, nimeutafuta sasa hivi. Kweli zile nyumba ni za kubuni.

Na tukiwa kwenye kubuni: Hoefnagel aliandika kwenye baadhi ya kazi zake kwamba maumbile pekee ndiyo mwalimu wake. Sawa. Lakini fungua lile jalada la moto utakutana na mbawakawa wa Dürer, yuleyule, kichwa juu, mataya wazi. Amenakiliwa. Hans Hoffmann wa Nürnberg naye alimnakili. Mdudu aliyechorwa 1505 aliendelea kutembea kwenye karatasi za watu wengine karne nzima, wakati msituni wapo tele, unaokota chini ya mwaloni bila kulipa senti.

#10 Ngosha_Mtata

Kumbe kukopi na kubandika ni kwa zamani.

#11 KalamuYaRisasi

Na kubandika kweli, mabawa kabisa 😂

Haya. Mpaka hapa tumeona picha ambazo aliziona nani? Mtawala, wageni wake wa heshima, basi. Ngozi moja, nakala moja, sandukuni. Nenda sasa Bologna kwa mtu aliyetaka dunia nzima ione.

Ulisse Aldrovandi, profesa, 1522 hadi 1605. Mwaka 1602, akiwa na miaka 80, alitoa kitabu kikubwa cha wadudu kwa Kilatini, vitabu saba ndani ya jalada moja. Ndicho kitabu cha kwanza kikubwa kilichochapwa kuhusu wadudu peke yao. Utangulizi wake nimeusoma nikicheka, kwa sababu ni maisha ya mtu wa uwandani. Anasema alipopata likizo alikwenda shamba, kiangazi na vuli, miezi mizima, na si kupumzika kama wengine. Alitumia ushawishi wake wote na pesa kuwashawishi wanakijiji wamletee wadudu wanaoruka na wanaotambaa, kutoka mashambani, chini ya udongo, mitoni, kwenye madimbwi. Akiletewa mdudu anauliza: anaitwaje, anaishi wapi, tabia yake ni ipi? Yeye mwenyewe alizunguka milimani na kwenye vinamasi na mchoraji wake pamoja na waandishi, mchoraji ameshika kalamu, waandishi madaftari.

Nilifanya kitu hichohicho Kilosa. Watoto waliniletea viwavi kwenye makopo, shilingi mia kwa mmoja. Siku ya pili wakaja na makopo yamejaa.

Na alilipa mchoraji vizuri. Katika kitabu chake cha ndege anadai kwamba kwa zaidi ya miaka 30 alikuwa na mchoraji ambaye kila mwaka alimlipa vipande 200 vya dhahabu. Nimeisoma hiyo mara mbili. Mara ya tatu nikafunga kitabu.

Michoro yake ya rangi ipo mpaka leo Bologna, na vibao vya mbao vilivyochongwa kutokana nayo vipo vilevile, kwenye jumba la makumbusho la Palazzo Poggi. Hapo ndipo maumivu yanapoanza. Weka mchoro wa rangi kando ya ukurasa uliochapwa. Kipepeo mwenye rangi tano amekuwa mistari minene myeusi. Nondo watatu ambao kwenye rangi wanatofautiana kwa vumbi la mabawa tu, kwenye kitabu wamekuwa ndugu wa tumbo moja. Nilipoona hivyo nikaikumbuka Y yangu.

#12 BwanaChapa

Samahani wakuu, nimefanya kazi ya uchapaji miaka 22, Kariakoo, na kila siku lawama ni zetu. Naomba kutetea marehemu.

Chapa ya mbao inavyofanya kazi: fundi anachukua kibao cha mti mgumu kama mpeasi, mchoro unahamishiwa juu, halafu anachimba kila mahali PASIPO na mstari. Mstari unabaki umesimama kama ukuta. Wino unakaa juu ya ukuta. Sasa wewe mchoraji umeweka kinyweleo cha nondo. Mimi nikuachie ukuta mwembamba kama unywele? Utavunjika kabla ya nakala ya mia. Kwa hiyo nauacha mnene. Si ujinga, ni kutaka kibao kiishi.

Faida yake ni kwamba kibao kina kimo sawa na herufi za risasi (sio wewe KalamuYaRisasi). Vinafungwa pamoja kwenye fremu, vinapakwa wino pamoja, vinachapwa mara moja. Maneno na picha, mkupuo mmoja. Bei nafuu.

Shaba ni kinyume. Unachimba mstari wenyewe, mfereji mwembamba unavyotaka, wino unaingia mferejini, unafuta juu, unaweka karatasi iliyolowa, unapitisha katikati ya magurudumu mawili kwa nguvu. Kinyweleo kinatoka. Ila hiyo haiendi na herufi. Ukurasa wenye picha na maneno unatakiwa upite mashine mbili tofauti, na ukikosea kuoanisha, umetupa karatasi. Na shaba yenyewe ni laini, mistari myembamba inachakaa mapema.

Kwa hiyo kabla hujamlaani mchapaji wako, uliza alipewa bajeti gani. Na faili lako lilikuwa na ukubwa gani?

#13 KalamuYaRisasi

BwanaChapa, faili... nilituma kwa WhatsApp. Tuendelee.

Maelezo yako yamenifungulia mlango, maana kuna mmoja aliyeikwepa mbao. Mwaka 1592, Frankfurt, Jacob Hoefnagel, mtoto wa Joris, kijana hata 20 hajatimiza, alitoa michoro ya baba yake ikiwa imechongwa kwenye shaba: sehemu nne, kila moja kurasa 12 pamoja na ukurasa wa jina. Maneno ni machache, nukuu fupi za Kilatini tu, kwa hiyo ile shida ya mashine mbili haikuwepo. Vinyweleo vimetoka! Mishipa ya mabawa imetoka. Rangi ndiyo imebaki nyumbani, lakini mdudu anatambulika. Kurasa zile zilisambaa kwa wachoraji, kwa mafundi wa urembo, kila mtu akachota. Ukiona panzi kwenye picha ya maua ya Kiholanzi ya miaka ya 1600, kuna uwezekano babu yake anatoka humo.

Sasa linganisha na Waingereza. Hawa ndio wanaoniuma zaidi.

Conrad Gessner wa Zürich, baba wa elimu ya wanyama ya karne ile, aliacha makaratasi ya wadudu hayajachapwa alipokufa kwa tauni mwaka 1565. Baadhi yakamfikia daktari wa Kiingereza, Thomas Penny, ambaye aliyaunganisha na ya Edward Wotton na yake mwenyewe, akafanya kazi miaka mingi, akafa. Daktari mwingine, Thomas Moffet, akayachukua, akayapanga, akaongeza picha. Hata ukurasa wa jina ulishachongwa kwenye shaba na William Rogers. Wachapaji hawakuitaka. Malkia Elizabeth akafariki 1603, Moffet akafariki 1604. Makaratasi yakalala mpaka daktari Theodore de Mayerne alipoyanunua na kuyachapa London mwaka 1634. Miaka 30 baada ya mwandishi kuzikwa, karibu 70 baada ya Gessner!

Mswada upo Maktaba ya Uingereza. Ndani yake picha ndogo za rangi zimekatwa na kubandikwa pembeni ya maandishi, nyingine nzuri mno. Kitabu kilichochapwa kina vibao vya mbao vya haraka. Ile shaba ya Rogers haikutumika.

#14 MwlBiolojia_Tanga

Inauma. Nina jambo lililonisumbua tangu ulipotaja viwavi. Kwenye vitabu hivi vyote kiwavi na kipepeo wamo sura moja au kila mmoja na yake? Nimekuwa nikiwaambia wanafunzi kwamba watu wa zamani hawakujua kiwavi anageuka kipepeo.

#15 KalamuYaRisasi

Mwalimu, hilo liache kuwaambia. Tangu Aristotle walijua kiwavi anakuwa bundo (kile kifuko kilichotulia anamojigeuzia) na bundo linatoa kipepeo. Kisichojulikana kilikuwa mwanzo: kiwavi ametoka wapi? Aristotle alisema anazaliwa kwenye majani ya kabichi, Pliny, mwandishi wa Roma ya kale, akasema ni umande uliogandamana juu ya jani. Yai walikuwa hawalihitaji. Nzi alitoka kwenye uozo, basi.

Na kwenye vitabu, ndiyo, vipepeo wana sura yao, viwavi yao. Aldrovandi amewapanga vipepeo kwa safu, mabawa wazi, viwavi kwa safu nyingine mbali huko. Mchoraji alipewa mdudu aliyeletwa siku hiyo kwenye kopo. Kipepeo aliletwa na mtu huyu, kiwavi na mtu yule. Kuwaunganisha kunataka ukae na mdudu mmoja wiki kadhaa, umlishe jani lake, usubiri. Hiyo kazi ilikuja kufanywa na Johannes Goedaert huko Uholanzi miaka ya 1660, na baadaye Maria Sibylla Merian, aliyeweka kiwavi, bundo, kipepeo na mmea wake kwenye ukurasa mmoja. Francesco Redi alifunika nyama kwa kitambaa mwaka 1668 akaonyesha kwamba bila nzi kutaga hakuna funza. Lakini hao wana uzi wao.

#16 Sharifa_wa_Mji

Mimi nna dukuduku la jikoni. Rangi zenyewe walizitoa wapi? Maana nekundu ya Mombasa tukiijua inakuja na jahazi.

#17 BwanaChapa

Dada, hapo niachie.

Nekundu iliyo laini, ile ya kupaka juu ya rangi nyingine, ilitokana na wadudu. Kuna mdudu mdogo anayeng'ang'ania miti ya mwaloni ya pwani ya Mediterania, amekauka kama punje. Akisagwa anatoa nyekundu. Baada ya Wahispania kuichukua Meksiko, akaja mwenzake anayeishi kwenye mpungate, nyekundu yake kali zaidi. Leo bado tunamla kwenye pipi.

Wino mweusi wa kuandikia nao una mdudu. Nyigu mdogo sana anataga kwenye chipukizi la mwaloni, mti unavimba unatengeneza kidonge kigumu. Kidonge kile kina tanini nyingi. Ukikiponda, ukatia maji, chumvi ya chuma na gundi ya mgunga, unapata wino unaoingia ndani ya ngozi usitoke. Kwa hiyo Hoefnagel anapoandika jina la Kilatini juu ya nyigu, anaandika kwa kazi ya nyigu.

#18 Ngosha_Mtata

Hii sasa imenigusa. Nyigu anajiandika mwenyewe.

#19 MzeeWaDMV

Wakuu, nipo Marekani, karibu na Washington. Yale majalada manne ya Hoefnagel yako National Gallery of Art hapa. Msije mkakata tiketi kwa ajili yake bila kuuliza, kurasa hizi hazipendi mwanga, muda mwingi zimehifadhiwa ndani. Ila picha zake zote wameweka mtandaoni, unapakua bure kwa ukubwa wa kutosha kuona punje ya rangi. Getty nao hivyohivyo kwa mbawakawa wa Dürer.

Getty pia wana kile kitabu cha mwandiko cha Georg Bocskay, alichoandika 1561 na 1562 kuonyesha kila aina ya hati anayoijua. Miaka 30 baadaye Rudolf akampa Hoefnagel ajaze nafasi zilizobaki kwa maua, matunda na wadudu. Kuna ukurasa bua la ua limepita kwenye mpasuko wa ngozi. Ukigeuza ukurasa unaona kipande cha bua kimetokeza upande wa pili. Hakuna mpasuko. Amechora pande zote mbili.

#20 KalamuYaRisasi

Asante mzee, hilo la bua nilikuwa nimelisahau na ni aibu.

Namalizia na Roma. Mwaka 1624 Galileo alimtumia Federico Cesi, mwanzilishi wa Accademia dei Lincei (chama cha wanasayansi cha huko Roma), kifaa chake cha kukuzia vitu vidogo. Mwaka uliofuata mwanachama mwenzao Giovanni Faber akakipa jina tunaloliita sisi hadubini. Na mwaka huohuo, 1625, Cesi na Francesco Stelluti wakatoa karatasi kubwa ya shaba yenye nyuki watatu waliokuzwa: mmoja kwa juu, mmoja kwa ubavu, mmoja kwa chini. Kwa nini nyuki, kwa nini watatu? Kwa sababu Papa Urban VIII alitoka ukoo wa Barberini, na nembo yao ni nyuki watatu. Ilikuwa zawadi. Sayansi imeingia Vatikani ikiwa imevaa nguo za kusifu.

Lakini jicho la nyuki lina vinyweleo! Hakuna aliyewahi kuchapa hilo. Hoefnagel angemtazama yule nyuki akalia.

Na mwaka 1630 Stelluti alipotafsiri mashairi ya Persius, Mrumi wa kale, akachomeka humo picha ya nyuki tena, na ya fukusi. Fukusi wa nafaka, ndugu wa huyu anayetoboa mahindi yetu, amekuzwa na pua yake ndefu, katikati ya mashairi. Dada Sharifa, mwalimu, naomba mnitajie mshairi wetu aliyepata kupewa fukusi wa shaba.

#21 Sharifa_wa_Mji

Washairi wetu walipewa fukusi wa kweli, ndani ya makaratasi 😄

#22 BwanaChapa

KalamuYaRisasi, hilo bango. Nitumie mchoro wenyewe wa karatasi kwa basi, si kwa simu. Na ile Y usiichore kwa mstari mwembamba mweusi juu ya kichwa cheusi. Iache nyeupe, uchore weusi kuizunguka. Kama fundi wa mbao: chimba, mstari ubaki.

#23 KalamuYaRisasi

Kaka, nimekaa na hilo neno dakika kumi. Nyeupe! Alhamisi naweka kwenye basi la asubuhi.

#24 Ngosha_Mtata

Msicheke. Nimeokota kereng'ende dirishani, amekufa. Mwili ulikuwa mwekundu jana, leo umeshaanza kufubaa. Mabawa yako vizuri kabisa. Niko na daftari na rangi za mwanangu za shule. Gundi niweke wapi?

#25 KalamuYaRisasi

Chora mwili kwanza, sasa hivi, kabla ya chakula. Halafu gundi ya maji, tone la ncha ya sindano, kwenye shina la bawa tu. Na zima feni.